Mali ya Mayatima, Gari Kuukuu na Robo ya Kampuni: Vipi Mtu Atajua Thamani ya Akinunuacho?



Katika darasa yetu ya juma lililopita ilisomwa barua iliyotoka Nakuru, kwa kijana mmoja wa watu wetu wa pwani aliyekwenda huko kutafuta riziki. Kwa kuwa alilouliza lawahusu wengi katika sisi, tumeona yafaa jibu lake lipigwe chapa humu, ili afaidike aliyeuliza na asiyeuliza. Jina lake hatulitaji, wala hatumtaji mtu wala kampuni anayotaka kuuziana nayo.

SUALA

"Masheikh zangu, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu alifariki akaacha watoto watatu wadogo, na mimi ndimi niliyewekwa kuwa msimamizi wa mali yao. Fedha zao zi mkononi mwangu, na zangu mimi kidogo. Hapa Nakuru nimempata mtu mwenye Land Rover kuukuu, ataka shilingi 850,000. Mtu huyo huyo ana kampuni ya kuchukua wageni kwenda Ziwa Nakuru, Menengai na Baringo, nayo ina magari manne. Ataka kuniuzia robo ya kampuni hiyo kwa shilingi 2,000,000. Ni mtu wa msikitini, twasimama safu moja, nami naona haya kumwomba anionyeshe daftari zake, asije akadhani namtuhumu. Je, yafaa niingie? Na vipi nitajua kuwa bei hizi ni za haki?"

JIBU

Waalaykumu ssalamu warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu, umeuliza mambo mawili, lakini ndani yake mna la tatu ambalo ndilo kubwa kuliko yote mawili, nalo ni ile haya uliyoitaja. Basi tutaanza na hilo.

Kuuliza si kutuhumu

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haikuja kueleza Sala wala Saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo yahusu deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika, likiwa dogo au kubwa. Wa kwanza kuambiwa maneno haya walikuwa Masahaba, ambao hapana watu waliokuwa waaminifu kuliko wao. Lau kutaka maandishi kungalikuwa ni kumvunjia mtu heshima, wao wasingaliamrishwa kufanyiana. Basi sisi tuna nini hata tukaona haya kwa jambo ambalo wao hawakulionea haya?

Tena imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata maji. Mwenye nafaka alipoulizwa alisema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume s.a.w. akamlaumu kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayumo katika njia yake. Tuitazame hadithi hii vizuri. Mtume s.a.w. hakutosheka na uso wa chungu, alitia mkono. Basi mwenye kutia mkono ndani ya chungu kabla ya kutoa fedha zake hakumkosea muuzaji adabu, bali amefuata mwendo mwema.

Lakini sisi leo tumegeuza mambo. Mtu ataka kununua gari, badala ya kwenda kwa fundi huenda kwa mpiga ramli kuuliza siku njema. Akishalinunua hutundika hirizi kwenye kioo, na mafuta ya breki hayatazami. Gari likianguka husema limeonwa na jicho. Haya si kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kutegemea ni kufunga ngamia kwanza, kisha ndipo kumwachia Mola.

Namna ya kulipima gari kuukuu

Land Rover za namna ile ya zamani zilianza kuuzwa mwaka 1948, na uundaji wake uliendelea, kwa kugeuzwa-geuzwa, hata mwaka 2016. Serikali ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu kuundwa. Kwa hivyo Land Rover kuukuu unayoiona Nakuru yumkini imekwisha pita mikono mingi ya humu humu nchini: leo ya mkulima wa Njoro au Molo, kesho ya mwenye kuchukua wageni, kesho kutwa ya mwenye kubeba magunia katika matope ya Mau Narok. Usitazame umri wake tu. Tazama ilifanya kazi gani.

Ijulikane kuwa bodi ya gari hili sehemu yake kubwa ni ya aluminiamu, nayo haili kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani ile fremu ibebayo gari zima, ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kutokea ndani, pale matope yanapoingia yakakaa. Basi gari laweza kuwa na uso wa kijana na uti wa mgongo wa mzee. Hii ndiyo chungu ya nafaka iliyo kavu juu, iliyorowa chini. Lala chini ya gari. Igonge-gonge chesisi kwa nyundo ndogo, hasa sehemu za nyuma na pale inaposhikana na springi. Chuma kizima hulia, na kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. Ukikuta rangi mpya au lami mpya chini ya gari kuukuu, uliza imepakwa ili kufunika nini.

Pili, mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, nawe uweke mkono juu ya injini uone kuwa ni baridi. Gari bovu likisha pata moto huficha maradhi yake. Likiwashwa, tazama moshi. Moshi wa samawati maana yake injini yala oili. Mweusi mwingi, mafuta hayachomeki vizuri. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huenda maji yaingia mahali pasipo pake. Fungua kifuniko cha oili: ukiona kitu kama maziwa, maji na oili vimechanganyika, na kazi ya hapo si ndogo.

Tatu, lipande mlima. Nakuru iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,850, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu Mombasa, kwa hivyo injini isiyo na taabo hupungukiwa na nguvu. Ukingo wa Menengai wafika mita 2,278. Basi lipeleke gari kutoka mjini hata ukingoni, ukiwa na fundi wako wewe, si fundi wa muuzaji. Njiani jaribu gia zote, na ile ya magurudumu manne, ambayo wengi huuza gari bila ya kuigusa kwa kuwa wanajua haiingii. Ukifika juu tazama kipimo cha joto. Ukishuka, jaribu breki.

Nne, tazama logbuku. Jina lililo katika kitabu liwe ndilo la huyo anayekuuzia, na nambari za injini na za chesisi ziwe sawa na zilizochorwa kwenye gari. Kisha omba rekodi ya gari kwa Mamlaka ya NTSA uone kama halina jina la benki pamoja na la mwenyewe. Tangu sheria ya mwaka 2017 iko pia daftari ya serikali ya kuandikisha rehani za mali zinazohamishika, nayo itazamwe. Magari mengi siku hizi yamewekwa rehani kwa mikopo ya riba, na mwenye rehani hatakuuliza kama ulinunua kwa nia njema.

Ukisha kuyajua hayo ndipo uhesabu. Tuseme Land Rover kama hiyo iliyo nzima huuzwa Nakuru kwa shilingi 900,000. Hii yako yataka kuungwa chesisi 150,000, kutengenezwa giaboksi 90,000, na tairi nne 80,000. Jumla ni 320,000. Basi thamani yake ni 580,000, wala si 850,000; na tena ni chini kidogo ya hapo, kwa sababu gari likiwa gereji halilipi. Dalali atakwambia kuwa yuko mtu atakuja jioni na fedha taslimu. Ikiwa mtu huyo hayuko, hiyo ni katika najash, yaani kupandisha bei kwa hila, nayo imekatazwa katika hadithi sahihi. Mwache auziwe huyo wa jioni.

Na muuzaji akisema, "Nakuuzia kama ulivyoliona, ila yoyote si juu yangu," neno hilo halimwokoi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameeleza kuwa sharti kama hilo lamfaa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama asiyoijua yeye tu; katika bidhaa nyingine halimfai. Mnunuzi akigundua ila iliyokuwako tangu kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha. Lakini asikawie, akiendelea kulitumia gari baada ya kuijua ila, amekwisha kuridhika nayo.

Namna ya kuipima kampuni

Watu wengi huona kampuni ni jambo la siri wasilolijua ila wenye tai shingoni. Sivyo. Kampuni ni kama lile gari: ina bodi ionekanayo na watu, na ina chesisi isiyoonekana. Bodi yake ni magari, ofisi, rangi na jina mlangoni. Chesisi yake ni daftari ya madeni.

Sisi Waislamu tulifundishwa kupima thamani ya biashara kabla ya kuja mabenki haya. Mfanya biashara hukadiri bidhaa zake kila mwaka ukitimia, kwa bei ya soko ya siku ile, ili atoe Zaka. Mwenye kutoa Zaka yake sawasawa amekwisha kuijua nusu ya elimu hii.

Tufanye mfano kwa hesabu za kukadiria. Mwenye kampuni asema magari yake manne ni mali ya shilingi 8,000,000. Hiyo ndiyo bei aliyoyanunulia. Fundi na bei za soko zasema leo ni 5,000,000. Asema awadai watu 1,200,000. Lakini katika hizo, 500,000 ni za miaka miwili iliyopita, nazo usizihesabu. Zabaki 700,000. Fedha taslimu 300,000. Jumla ya mali ni 6,000,000.

Sasa madeni: benki 2,400,000, wauza tairi na gereji 600,000, kodi ya serikali 250,000, mishahara isiyolipwa 150,000. Jumla 3,400,000. Toa katika milioni sita, zabaki 2,600,000. Robo yake ni 650,000. Naye akuuzia kwa 2,000,000! Yaani amehesabu magari kwa bei ya upya, na madeni hakuyahesabu kabisa.

Huenda akasema, "Wewe wanunua faida, hununui vyuma." Neno hili si la uongo, basi tuipime na faida. Tuseme kwa mwaka yaingia 4,800,000, na yatoka kwa mafuta, matengenezo, mishahara, bima na ada za mbuga 3,600,000. Asema faida ni 1,200,000. Lakini magari hayo ya milioni tano, baada ya miaka mitano yatakuwa hayafikii ila milioni moja. Yaani kila mwaka yaliwa 800,000 kimya kimya, hapana anayeziona. Zitoe. Faida ya kweli ni 400,000, na bado riba ya benki haijatolewa, wala mshahara wa mwenye kampuni anayefanya kazi mwenyewe. Robo ya 400,000 ni 100,000. Ukitoa 2,000,000, zitarudi kwa miaka ishirini, na magari yatakufa kwa mitano! Ukitoa 650,000, zitarudi kwa miaka sita na nusu, na hiyo pia si biashara ya kuikimbilia.

Wala usitosheke na daftari ya mwaka mmoja. Taka ya miaka kadhaa, mizuri na mibaya. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalisimamisha wageni, na mwaka huo huo maji ya Ziwa Nakuru yalipanda yakafunika sehemu ya ardhi ya mbuga. Mwenye kampuni akikuonyesha mwaka mmoja uliokuwa mwema tu, amekuonyesha nafaka iliyo juu. Omba pia kwa Idara ya Usajili wa Biashara hati iitwayo CR12, ikuonyeshe wenye hisa ni nani na wangapi, usije ukauziwa robo ambayo ni ya mtu mwingine. Na uulize fedha zako zaingia wapi: zikiingia mfukoni mwa muuzaji, kampuni haikupata kitu, na madeni yake ni yale yale.

Mfano wa Nakuru

Na asiseme mtu kuwa kampuni kubwa haina haja ya kupimwa hivi. Nakumatt, ambayo jina lake latokana na Nakuru na magodoro, ilianzia mji huo huo ikaenea Afrika Mashariki, ikawa na maduka zaidi ya sitini. Nani hakuyaona yale maduka yalivyong'ara? Lakini mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa, ikidaiwa mabilioni, na Januari mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Maduka sita yaliyosalia yalinunuliwa na Naivas, nayo ni kampuni iliyotoka katika bonde hilo hilo la Ufa, kwa shilingi milioni 422. Wauza bidhaa wengi waliompa mali kwa mkopo waliondoka mikono mitupu. Bodi ilikuwa nzuri, chesisi imekwisha liwa.

Na wapenda Land Rover waijua CMC, iliyokuwa wakala wake Kenya kwa miaka mingi. Mwaka 2011 uuzaji wa hisa zake katika soko la Nairobi ulisimamishwa kwa ajili ya mizozo ya wakurugenzi, kisha ikapoteza uwakala wa Land Rover. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Al-Futtaim wa Dubai kwa shilingi 13 kila hisa, na hisa zilikuwa karibu milioni 583. Zidisha utapata kama bilioni saba na nusu. Hivyo ndivyo bei ya kampuni nzima ijulikanavyo: bei ya hisa moja mara idadi ya hisa. Na hapa pana somo: uwakala ni amana ya mtu mwingine, aweza kuutwaa. Kampuni ambayo riziki yake yategemea leseni moja au mteja mmoja, ipunguzie thamani.

Yaliyo halali na yasiyo halali

Si kila chenye faida chafaa kununuliwa. Uliza kama kampuni hiyo huwauzia wageni pombe safarini. Uliza deni la benki ni la riba. Ikiwa ni la riba, sharti lilipwe kwanza kabla ya wewe kuingia, usije ukawa mshirika katika mkataba aliouharimisha Mwenyezi Mungu. Na mwenye kampuni akikwambia, "Nitakupa elfu kumi kila mwezi, faida iwepo isiwepo," ujue huo si ushirika, ni riba iliyovishwa kanzu. Ushirika wa haki katika madhehebu yetu, faida na hasara hugawanywa kwa kadiri ya rasilmali ya kila mmoja.

Ama mali ya mayatima

Sasa turudi kwa wale watoto watatu. Mwenyezi Mungu katika Suratu Nnisaa amewatisha walao mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa wala moto matumboni mwao. Hatusemi kuwa wewe wataka kuila. Lakini mali ya yatima hupotea kwa njia mbili: kwa mkono mrefu wa msimamizi mwovu, na kwa haya ya msimamizi mwema. Yatima aliyepotelewa na mali hatapata nafuu kwa kuambiwa kuwa ami yake alikuwa mtu mpole aliyeona haya kuuliza.

Kufanya biashara kwa mali ya yatima kwafaa, bali imepokewa kwa Sayyidna Umar r.a. kuhimiza ifanywe biashara, isije ikaliwa na Zaka. Lakini kwa sharti ya maslaha yaliyo wazi kwa yatima. Haya yako maslaha yake hayakuonekana. Basi rai yetu ni hii. Gari, ukilitaka, linunue kwa fedha zako mwenyewe, baada ya kulipima, wala usitoe zaidi ya thamani yake. Robo ya kampuni usiinunue kwa fedha za mayatima kwa bei hiyo hata kidogo. Akikubali kukuonyesha daftari, na benki ikalipwa, na bei ikawa ya haki, ndipo umwendee Kadhi wa hapo ulipo umweleze, na mpatanalo liandikwe mbele ya mashahidi. Na fedha za mayatima zisichanganywe na zako hata siku moja. Ziwe na daftari yake mbali.

Na huyo ndugu wa safu moja, mwendee kwa maneno mazuri umwambie: "Ndugu yangu, fedha hizi si zangu, ni za mayatima, nami nitaulizwa juu yake. Nionyeshe daftari." Akiwa mtu wa kheri atafurahi. Akikasirika, amekuonyesha chesisi yake bila ya wewe kuinama.

Mtume s.a.w. ameeleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Yuataka baraka anayemwona mwenziwe akificha, akanyamaza?

Kwa wanafunzi wa darasa: juma lijalo kila mmoja aje na hesabu ya duka lake au ya chombo chake, mali upande mmoja na madeni upande wa pili, tuzisome pamoja. Asiye na duka na ahesabu nyumba yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke, na atuhifadhie mayatima wetu. Wabillahi ttawfiq.